Joto la injini chini ya kiti: mwongozo kamili kwa wenye Noah, Hiace na Kirikuu

Kiti cha mbele katikati, pale juu ya injini, kina misimu yake. Julai, Arusha ikiwa imejifunika ukungu, watu wanakigombania. Februari, stendi ya Moshi saa nane mchana, kinabaki kitupu na abiria wanabanana nyuma kwa hiari yao. Dereva hana uchaguzi huo. Yeye anakaa juu ya moto mwaka mzima, na jioni akivua viatu soli ni laini.

Mwongozo huu ni wa magari ambayo injini yake imelala chini ya viti vya mbele: Noah za zamani, hasa SR40, Hiace za H100 na H200, Kirikuu za mizigo, na vifodi vingine vya umbo hilo. Kama Noah yako ni ya kuanzia 2001, yenye injini mbele chini ya boneti, mengi ya humu hayakuhusu.

Tukubaliane kwanza juu ya mpangilio wa kazi. Blanketi la kuzuia joto huwekwa mwisho. Mafundi wengi wanaanza nalo kwa sababu linaonekana, na bosi akifungua mlango akaona foili inang'aa anatoa hela bila maneno. Lakini joto linalopanda miguuni linaweza kuwa linatoka kwenye rejeta iliyoziba, au kwenye gasketi ya ekzosi iliyoungua. Ukiliwekea blanketi kabla ya kulitafuta, tatizo linabaki palepale, ila sasa hulioni. Kwa hiyo tunaanza na injini yenyewe, kisha ekzosi, kisha matundu, halafu ndiyo blanketi.

Kabla ya kufungua chochote

Magari haya yalitengenezwa kwa ajili ya baridi ya Japani. Yana hita mbele, na Noah na Hiace nyingi zina hita ya pili nyuma, ambayo mabomba yake ya maji moto yanapita chini ya sakafu. Wengi wetu hatujawahi kuiwasha hata siku moja, kwa hiyo hatujui kama imezimika kweli. Kwenye gari lenye koki ya hita, waya wa kuivuta hukwama kwa kutu au hukatika, koki ikabaki wazi, na maji ya nyuzi 85 au 90 yakazunguka ndani ya dashibodi mchana kutwa huku lawama zote zikienda kwa injini. Baada ya gari kupata moto, weka hita kwenye baridi, endesha dakika chache, zima, halafu gusa kwa tahadhari mipira miwili inayoingia kwenye hita. Ikiwa yote miwili inaunguza, koki haifungi. Lainisha waya au badilisha koki. Hita ya nyuma unaweza kuikata kabisa: fundi anaunganisha bomba la kwenda na la kurudi kwa mpira mmoja. Hata bila suala la joto ningeshauri hivyo, maana mabomba yale ya chini yanaliwa na kutu na hupasuka mahali ambapo huna spea wala mtandao.

Jambo la pili, pita usiku kwenye njia ileile inayokutesa mchana. Kama saa mbili usiku miguu inapoa kabisa, adui mkubwa ni jua kwenye kioo cha mbele na bodi, na pesa ya blanketi ni bora ukainunulie filamu ya kioo. Kama joto bado lipo, endelea kusoma.

Jambo la tatu ni kupima. Tafuta kipima joto cha infraredi cha mafundi wa viyoyozi au wa umeme. Kile cha kupimia homa kwenye paji la uso hakifai, kinaishia nyuzi arobaini na kitu. Chagua mlima wa kupimia na usiubadilishe. Moshi, barabara ya kutoka Himo kwenda Marangu Mtoni inatosha sana. Arusha, panda kutoka Sakina kuelekea Ngaramtoni na gari likiwa na mzigo wake wa kawaida. Ukifika juu, pima kifuniko cha injini katikati, kingo zake pande zote, sakafu ya miguuni kwa dereva, mpira wa gia, na sakafu pale bomba la ekzosi linapopita. Zima gari, subiri dakika kumi, pima tena. Mara nyingi vipimo vya pili vinazidi vya kwanza, kwa sababu feni imesimama, maji hayazunguki, na joto lililokuwa ndani ya chuma linatafuta pa kutokea. Yaandike yote, maana utayahitaji mwishoni.

Ila kipimo hiki kinadanganywa na kitu kinachong'aa. Ukikielekeza kwenye foili au bati la alumini kitakupa namba ndogo ya kupendeza ambayo si kweli. Bandika kipande cha tepu nyeusi mahali unapopima, acha kipate moto, kisha elekeza hapo.

Injini ibaki kwenye joto lake

Hapa mahali tulipo panahusika. Usawa wa bahari maji yanachemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Arusha, mita kama 1,400 juu, yanachemka karibu na nyuzi 95. Ukipeleka wageni ukingo wa Ngorongoro, mita zaidi ya 2,200, yanachemka kwenye 92 au 93. Themostati, yaani vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta, kwa injini nyingi za Toyota zinaanza kufunguka karibu na nyuzi 82, na injini yenye afya inafanya kazi juu kidogo ya hapo. Nafasi iliyobaki kabla ya kuchemsha ni nyembamba, na huku milimani ni nyembamba zaidi kuliko Dar.

Kinachotuokoa ni kifuniko cha rejeta. Springi yake inabana maji kwa presha, mara nyingi 0.9 au 1.1 kama ilivyoandikwa juu yake, na presha hiyo inasogeza kiwango cha kuchemka hadi zaidi ya nyuzi 110. Mpira wake ukipasuka, umerudi kwenye 95. Ni spea ya bei ndogo kuliko zote kwenye mfumo wa kupoza, na ndiyo mara nyingi inayobadilishwa mwisho, baada ya rejeta kushushwa, pampu kubadilishwa na silinda hedi kupelekwa kusawazishwa. Kikague gari likiwa limepoa: mpira usiwe na ufa wala usiwe mgumu, springi irudi kwa nguvu. Nunua chenye namba ileile. Chenye namba kubwa zaidi kinaweza kupasua mipira iliyochoka.

Rejeta yenyewe ioshe kwa maji ya nguvu ya wastani, kutoka upande wa injini kwenda nje, ili wadudu na majani watoke kule walikoingilia. Mashine ya kuoshea magari ukiisogeza karibu inakunja mapezi yote, na kazi imeharibika. Kama kuna AC, kondensa iliyoko mbele ya rejeta nayo ioshwe. Uchafu mwingi unajificha kati ya hizo mbili.

Ndani ya rejeta, usitie maji ya bomba. Maji ya upande wa Meru tunayajua, meno yetu ya kahawia ni shahidi wa floridi yake, na maji yenye madini huacha ukoko kwenye mirija. Tumia kulanti nusu kwa nusu na maji safi ya kuongezea betri, na soma chupa vizuri: pale dukani asidi ya betri inakaa rafu moja na hayo maji.

Angalia pia kama kava ya feni ipo. Ile plastiki inayozunguka feni ikitolewa, feni inabaki kuzungusha hewa ya moto ileile badala ya kuivuta kupitia rejeta. Kwenye injini zenye feni ya mkanda yenye klachi, zima gari likiwa la moto, hakikisha ufunguo umetoka, halafu izungushe feni kwa mkono. Ikizunguka bure mara kadhaa kama haina kizuizi, klachi imekwisha.

Na themostati irudi mahali pake. Najua desturi ya kuitoa ili gari lisichemshe. Kwenye injini nyingi za Toyota, sahani ya chini ya themostati ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji injini ikipata moto. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Asubuhi injini inachelewa kupata moto na kula mafuta zaidi, na mlimani bado inachemsha.

Gari likiendelea kuchemsha baada ya haya yote, au mapovu yakitoka kwenye rejeta injini ikiwa inanguruma, hapo shuku gasketi ya silinda hedi. Peleka kwa fundi unayemwamini.

Ekzosi, hapa usiharakishe

Maji ya injini ni ya nyuzi 90 hivi. Moshi unaotoka kwenye injini ya petroli inayopanda mlima na mzigo unaweza kuzidi nyuzi 700. Kwa hiyo sakafu inayounguza mara nyingi inaunguzwa na manifoldi, kile chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda, na bomba lake kuliko bloku ya injini. Hilo ni upande wa joto. Upande wa pili ni monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, na kwenye magari haya manifoldi iko karibu kabisa na miguu ya watu. Kichwa kinauma, kichefuchefu kinakuja, usingizi unazidi. Dereva anadhani ni uchovu wa njia, na mtoto aliyepakatwa kiti cha mbele anaonekana amelala tu.

Tafuta uvujaji asubuhi, injini ikiwa ya baridi, kabla chuma hakijapanuka na kujibana. Fungua kifuniko cha injini, mtu mmoja awashe, mwingine asikilize. Uvujaji unasikika kama pumzi fupifupi zinazofuatana na mwendo wa injini. Kisha mmoja azibe mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kinene kilicholowa kwa sekunde chache: sauti ikizidi huku mbele, umepata. Fanyia kazi hii nje, pasipo na kuta. Ukizima, angalia masizi meusi kwenye maungio. Moshi ukitoka mahali huacha alama.

Gasketi ya manifoldi, gasketi ya flanji, bomba la kunyumbulika, vyote vibadilishwe, visizibwe kwa udongo wa dukani. Manifoldi yenye ufa ichomelewe na fundi anayejua chuma cha kalibu, au tafuta nyingine ya mtumba. Na kama bomba la nyuma lilikatika likaachwa fupi chini ya tumbo la gari, lirefushwe hadi nje ya bodi. Milango ya nyuma ya Hiace inavuta moshi ndani, hasa ikiwa mipira yake imechoka na konda anaendesha maisha yake yote mlango ukiwa wazi.

Hapo pamalizike kwanza. Gari linalovuja moshi lisiwekewe blanketi.

Sasa tafuta mabati ya kukinga joto. Kutoka kiwandani manifoldi na bomba vilikuwa na ngao za bati jembamba. Boliti zake zikiota kutu ngao inaanza kugonga, fundi anaing'oa, kelele inaisha, mteja anashukuru. Baada ya mwaka anarudi kulalamika joto. Kama ngao bado ipo na tundu la boliti limeliwa, ifunge kwa klipu kubwa ya chuma ya kuzunguka bomba. Kama ilishatupwa, tengeneza nyingine kwa bati la alumini, mafundi wa sufuria wanalo, au chuma cheusi chembamba. Liache mbali na bomba kama sentimita 2 na usiliruhusu liguse. Joto la manifoldi linasafiri kama mwanga, na bati linalong'aa linalirudisha. Hewa inayopita katikati inachukua linalobaki. Likigusana na bomba, linakuwa jiko jingine tu.

Kuifunga manifoldi kwa kitambaa cha kuzuia joto siipendi. Kitambaa kinalowa oili inayodondoka, na oili ikikutana na joto lile inawaka. Pia kinashika unyevu na kuozesha bomba kwa ndani bila wewe kuona.

Ziba matundu

Hewa ya moto ikipata upenyo haina habari na unene wa blanketi lako. Ndiyo maana hatua hii, isiyogharimu sana, huleta nafuu kubwa kuliko wengi wanavyotarajia.

Usiku, gari likiwa limezimwa na kupoa, weka tochi yenye mwanga mkali kwenye nafasi ya injini, funga kifuniko na viti, zima taa za ndani, kisha kaa ukaangalie. Kila mstari wa mwanga ni njia ya joto, ya vumbi na ya moshi. Mchana vumbi lenyewe linakuonyesha: pale michirizi ya vumbi la Kisongo au Boma Ng'ombe ilipojipanga kwenye kapeti, chini yake kuna tundu.

Mpira wa kuzunguka kifuniko cha injini ukiwa umelala na kuwa mgumu, ung'oe wote. Safisha mfereji kwa thina, weka mpira mpya mweusi wa milango unaouzwa kwa mita. Uchague wenye tumbo la wazi katikati, ubonyee vizuri kifuniko kikikaa. Kisha jaribu kwa kipande cha karatasi: kibane kati ya mpira na kifuniko, ukikivuta kisitoke kirahisi. Zungusha pande zote nne, na angalia lachi za kubania. Lachi moja ikilegea, kona hiyo haifungi hata mpira uwe mpya vipi.

Mpira wa gia uliochanika ubadilishwe, usivikwe soksi. Matundu ya waya na kebo yazibwe kwa vizibo vya mpira, na mianya midogo kwa silikoni ya gasketi inayovumilia joto. Povu la kupulizia la mafundi wa madirisha lisitumike, linawaka.

Usizibe kwa chini. Hewa inayoingia kupitia rejeta lazima itokee chini ya gari. Mafundi wa boti wana tatizo la aina hiihii, injini yao ikiwa ndani ya sanduku karibu na wanapolala watu, na wao huacha njia ya hewa kwa makusudi, maana injini isiyopata hewa ya kutosha hupoteza nguvu.

Blanketi lenyewe

Nianze na visivyofaa, kwa kuwa ndivyo vinavyopatikana kila kona. Sponji ya godoro inanyonya dizeli na oili, inashika moto haraka, na moshi wake una sianidi. Stairofomu inalainika kabla hata ya kufikia joto la maji yanayochemka. Foili ya kuezekea yenye karatasi katikati inaonekana ya kisasa lakini karatasi ni karatasi.

Vinavyofaa ni pamba ya kioo yenye foili upande mmoja, unene wa milimita 10 hadi 15, kwa eneo kubwa la kifuniko; na blanketi la seramiki, lile wanalotumia mafundi wa oveni za mikate, kwa sehemu iliyo juu kabisa ya manifoldi. Seramiki inahimili zaidi ya nyuzi 1,000. Mpira mweusi wa kufungia mabomba ya AC ni mzuri kwa upande wa ndani ya gari, mbali na ekzosi, kwani mwisho wake ni nyuzi 105 hivi.

Vaa barakoa, glavu na mikono mirefu. Nyuzi za pamba ya kioo zinawasha siku mbili, na vumbi la seramiki linashukiwa kusababisha saratani. Usikatie sebuleni.

1. Rekebisha uvujaji wowote wa oili na mafuta. Blanketi juu ya injini inayovuja ni utambi.
2. Toa kifuniko, kioshe mafuta yote, ondoa kutu kwa brashi ya waya, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke.
3. Kata boksi kwa umbo la ndani ya kifuniko. Lijaribishe mahali pake kwanza. Angalia lisiguse mkanda, feni, kebo ya mafuta wala kijiti cha oili, na libaki angalau vidole vitatu kutoka kwenye manifoldi.
4. Kata blanketi kwa kufuata boksi. Kingo zote, pamoja na matundu uliyokata, zizungushie tepu ya alumini ili nyuzi zisipeperuke na oili isiingie.
5. Lifunge kwa riveti zenye washa pana, kila sentimita 10 hadi 15, foili ikitazama injini. Gundi ya viatu peke yake inalainika kwa joto, na blanketi likidondokea kwenye feni ukiwa Mteremko wa Mto wa Mbu utajuta. Gundi isaidie tu wakati wa kupanga.
6. Kwenye eneo la seramiki, ongeza bati jembamba la alumini juu yake, upande wa injini, lishikwe na riveti zilezile.
7. Upande wa abiria, laza mpira mzito wa sakafu, kisha kapeti. Mpira huu hauzuii joto sana. Kazi yake ni kelele, hasa kwa Hiace zenye injini za dizeli za 3L na 5L.

Rudisha kifuniko na ukague mpira wa kuzibia. Unene ulioongeza unaweza kukiinua kidogo, na mwanya wa milimita chache unafuta kazi ya siku nzima. Rudia tochi ya usiku.

Kisha nenda mlimani kwako palepale, mzigo uleule, pima sehemu zilezile na ulinganishe na maandishi yako. Kama katikati ya kifuniko pamepoa lakini kingo bado, tatizo ni mpira. Kama sakafu ya miguuni haijabadilika, rudi kwenye ngao ya bomba la ekzosi. Na uangalie geji ya joto kwenye dashibodi: ikipanda kuliko ilivyokuwa kabla ya kazi, umeziba njia ya hewa mahali fulani.

Wiki ya kwanza fungua kifuniko kila jioni, nusa, angalia kama kuna pahali pamebadilika rangi au riveti imelegea. Mtungi wa kuzimia moto uwe wa poda, mshale uwe kwenye kijani, na ukae karibu na mlango. Wengi wanauweka chini ya kiti cha dereva, ambako ukiwaka moto ndiko hutaweza kupeleka mkono. Na siku ya kubadilisha oili mwambie kijana wa gereji asikiweke kifuniko chini kifudifudi wala asikifanye meza ya spana. Pamba ikilowa oili, kipande hicho kikatwe na kuwekwa kipya siku hiyohiyo.